Mama Aliyeisubirisha Kompyuta

Filomena Bettencourt alikuwa mtu wa polepole kiasi cha kukutia wazimu. Akianza kumenya chungwa, unaweza kwenda posta ukarudi ukamkuta bado. Leo nalisema hili kwa mapenzi, lakini mwaka ule wa 1984, alipoletwa meza ya jirani na yangu, nilikuwa simwezi hata kidogo, na sikuficha.

Alizaliwa kisiwani Terceira, ng'ambo ya bahari, akaletwa hapa mjini San Jose akiwa msichana, na kwa miaka ishirini na miwili alichambua matunda ya aprikoti kwenye mkanda wa kiwanda cha matunda ya kopo. Bustani za matunda zikang'olewa, kiwanda kikafungwa, na palepale yakaota majengo ya watu wa kompyuta kama sisi. Kampuni yetu ikampa mkataba wa miezi mitatu wa kazi ya kuharibu. Ndiyo, kuharibu! Sisi tunaandika programu, yeye anaitumia kama mteja asiyejua kitu, na ikimkwama anaandika kasoro kwenye kadi ya njano. Kadi zake zilikuwa hazihesabiki. Nyingine zilisema tu: "Hapa sikuelewa, na mimi si mjinga."

Programu yenyewe tuliiita Kware. Ilikuwa programu mama, ile inayoiamsha kompyuta na kukupangia kazi zako kwenye skrini uziguse kwa kipanya. Siku hizi ni jambo la kawaida kabisa, ila sisi tulikuwa tumeitolea jasho miaka mitatu. Alhamisi moja ya Mei, saa kumi alasiri, tarishi angekuja kuichukua diski kuu na kuipeleka kiwandani zikatolewe nakala elfu thelathini. Ikishatoka, imetoka. Huwezi kumfuata kila mteja nyumbani kwake ukamrekebishie.

Saa tano asubuhi ya siku hiyohiyo, Filomena akainua kadi ya njano.

"Barua yangu imepotea," akasema. "Nimemwandikia dada yangu kurasa sita. Naifungua, nyeupe pe."

Bosi wetu, Dale Prewitt, akajishika kichwa. "Leo, Filomena? Kweli leo?"

"Mwanangu, ingekuwa ni mimi ninayechagua siku, ningechagua jana."

Kwetu kasoro ambayo huwezi kuirudia mbele ya watu haikuwa kasoro. Prewitt, ambaye wakubwa walikuwa wanampigia simu kila nusu saa, akamwambia wazi mbele yetu sote: "Una mpaka saa kumi. Ukituonyesha, tunasimamisha kila kitu. Ukishindwa, diski inaondoka, na wewe Jumatatu usijisumbue kuja." Filomena alikuwa mjane na kodi ya nyumba aliilipa mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa tu, akavaa miwani yake.

Na mimi? Sehemu ya kuhifadhi kwenye diski niliiandika mimi, Warren Okimoto, kwa hiyo kadi ile niliiona kama tusi. Nikavuta kiti nikaketi ubavuni mwake.

"Haya mama, tuonyeshe."

Kompyuta zile zilikuwa na mdomo mmoja tu wa kuingizia diski. Ukitaka kuhifadhi barua, mashine inakuomba utoe diski yake uweke ya kwako. Filomena akaandika kurasa, mashine ikaomba diski, nikaichomeka kabla hajanyanyua mkono. Barua ikahifadhiwa vizuri tu. Tukarudia, ikawa vilevile. Wenzangu wakaja kusaidia, na kusaidia kwao ni kumsukuma: bonyeza hapa, haya, upesi, sasa hapa! Kufikia saa tisa tulikuwa tumejaribu mara thelathini na moja, na barua zote thelathini na moja zilikuwa salama.

"Mama, pengine uliifuta mwenyewe," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nyamaza kidogo, Okimoto." Akavua miwani, akaniangalia. "Kule kiwandani kopo likivimba, hatukuuliza tu nani alilishika. Tuliuliza mkanda ulisimama lini. Matunda yakikaa pale juani, mkanda umelala, ndiyo yanayoharibika. Asubuhi mkanda wangu ulisimama."

"Ulisimama vipi?"

"Binti yangu alipiga simu. Mtoto ana homa."

"Sasa homa na diski wapi na wapi? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza nilibonyeza nini."

Akaandika kurasa zake upya. Mashine ikaomba diski. Filomena akakunja mikono kifuani akatulia.

Jamani, sijawahi kuteseka vile! Wanaume saba, watu ambao hata kwenye lifti hubonyeza kitufe mara tano, tumesimama tunaitazama skrini inayoomba diski na hakuna anayeipa. Dakika ya tatu mkono wangu ukaenda wenyewe. Akauchapa kofi.

"Acha!"

Dakika ya sita tarishi akaingia na mfuko wake. "Niko mapema kidogo. Iko wapi hiyo diski?"

"Keti, baba," Filomena akamwambia. "Tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Hata sisi hatujui," akasema Prewitt, huku anafuta jasho.

Robo saa ilipotimia, urefu wa ile simu ya asubuhi, Filomena akachukua diski yake bila papara, akaichomeka, akafungua barua. Nyeupe pe. Prewitt akaniangalia, nami nilikuwa nimeshajua. Mashine ikikosa diski kwa dakika nane hukata tamaa na kuitupa barua iliyokuwa imeishikilia. Sisi hatukuwahi kuliona hilo hata mara moja katika miaka mitatu, kwa sababu tuliijua mashine na tuliipa diski hata kabla haijaomba.

"Dakika nane aliziweka nani?" Prewitt akauliza.

Ningeweza kunyamaza. "Ni mimi."

Filomena akanigeukia. "Kwa nini nane?"

"Nilidhani hakuna binadamu anayeweza kukaa dakika nane mbele ya kompyuta bila kuigusa."

"Ala! Kwani kwenu hamna watoto? Hamna jirani anayebisha hodi?"

Wote wakaangua kicheko, hata tarishi. Mimi nilicheka mwisho, nikiwa na aibu hadi masikioni. Prewitt akampa tarishi mkono na kumwambia arudi baada ya wiki mbili, kisha akamgeukia Filomena.

"Jumatatu," akaanza.

"Jumatatu nakuja," Filomena akamalizia. "Na mkataba mwingine uwe mezani, wa kudumu. Miezi mitatu siitaki tena."

"Utakuwepo."

Nikavuta kiti changu karibu na chake. "Niweke dakika ishirini?"

"Homa ya mtoto haina saa."

"Thelathini?"

"Okimoto!"

"Sasa mama, mashine ikusubiri mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

Nikaifuta ile nane. Sikuweka namba nyingine.