Mtoto wa Paa Aliyenukia Udi

Sikujua kama mama anaweza kumkataa mwanawe kwa harufu tu. Nimeliona kwa macho yangu Alhamisi.

Baba alitupeleka mie na Bibi, mamake, kwenye hifadhi ya swala, mbele ya mji wa Alkabil ukitokea Ibra. Bibi hawezi kupanda majabali, na huko njia ni tambarare, mchanga na migunga tu, watu wanatembea taratibu na kunyamaza. Kunyamaza mie naweza. Tukimwogopea Bibi, maana hajapata kunyamaza tangu kwao Unguja. Lakini alipowaona swala wamesimama mbali, masikio juu, alinishika mkono akaninong'oneza kuwa kwao paa aliwaona wakiliwa, hajapata kuwaona wakila.

Baba alibaki nyuma na mlinzi, wanazungumza habari za mvua. Sisi tukatangulia. Chini ya mgunga tukakuta mtoto wa swala amejikunja, mdogo kama paka, jua limeshamfikia. Hatikisiki. Bibi akasema maskini, kaachwa. Akavua kanga aliyojitanda, akabaki na buibui na mtandio, akamfunika. Kanga za Bibi zote hufukizwa udi. Ukikaa naye garini unashuka unanukia wewe. Akamchomekea pembeni vizuri, kama anavyonifanyia mie nikiwa na homa.

Mlinzi alikuja mbio. Sijapata kumsikia mtu akimkaripia Bibi yangu. Alimwambia kwa Kiarabu aondoe ile nguo, aondoe upesi, kisha akachutama ameshika kichwa. Akaeleza, sasa kwa sauti ya chini, kwamba mtoto hakuachwa. Mama zao huwaficha hivyo wakenda malishoni, wakarudi kuwanyonyesha, na huwajua kwa harufu. Baba akafika, akaiondoa kanga.

Bibi akauliza, "Na harufu yangu itatoka?"

"Allahu aalam, ya hajja," akasema mlinzi, Mungu ndiye ajuaye.

Tukarudi mpaka penye gari, mlinzi akatupa darubini yake tupokezane. Ilikuwa zamu yangu mama wa yule mtoto alipokuja. Akainama, akanusa. Mtoto akasimama kwa vile vijiguu kama njiti, akajipenyeza chini ya tumbo. Mama akamsukuma kwa kichwa, mtoto akaanguka. Akainuka, akaangushwa tena. Kisha mama akapiga mguu chini, akakimbia asigeuke nyuma. Bibi akaichukua darubini mkononi mwangu, akatazama muda mrefu.

"Kamkataa," alisema. "Kwa ajili yangu mie."



Tulingoja sana, mama hakurudi. Mlinzi akambeba mtoto mpaka kwenye zizi lake karibu na lango, ana mbuzi kazaa karibuni. Mbuzi akapiga teke. Bibi akaingia zizini na buibui lake, akamwambia mlinzi amshike shingo, akakamua maziwa kwenye kidole chake akamtia mtoto mdomoni. Baba akasema Mama twende, adhuhuri hiyo. Bibi akaendelea kukamua. Tulipoondoka mtoto alikuwa amenyonya kidogo, si sana.

Leo Baba kampigia simu mlinzi. Mtoto yuko hai, lakini harudi tena porini. Mamake sasa ni yule mbuzi. Bibi akasema alhamdulillahi, akaingia chumbani akafunga mlango. Mlango wa Bibi haufungwi hata anapolala.