Nusu ya Maji

Mama alikuwa na miche kitaluni, na mimi nilikuwa na programu iliyogoma kuhama. Ndiyo habari yote ya masika yale, mengine ni maelezo.

Nilirudi kijijini kwetu Ikolo baada ya msiba wa baba, nikidhani nitakaa mwezi mmoja tu. Kazi yangu haikunidai niishi mjini. Nilikuwa katika kundi dogo la watu waliotawanyika huku na huko, tukitengeneza programu ya kukisia mafuriko ya mito inayoingia ziwani. Unailisha mvua iliyonyesha na inayotarajiwa milimani na umbo la ardhi, nayo inakuchorea ramani ya mahali maji yatakapofika. Hesabu zake ni nyingi mno kwa kompyuta ya kawaida, kwa hiyo tuliziendesha kwenye mashine kubwa iliyo nje ya nchi, iliyojaa kadi za michoro. Ni zile zile zilizobuniwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, kabla watu hawajagundua kwamba zinajua kuhesabu kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka huo mashine yetu ilistaafishwa. Wenyewe wakaleta mpya, na mpya ilikuwa na kadi za mtengenezaji mwingine. Kadi za huyu hazielewi lugha ya kadi za yule, na programu yangu ya miaka minne ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya yule wa kwanza. Tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, siku hizi ipo kompaila ya kisasa: unaandika programu mara moja, yenyewe inaitafsiri kwa kadi yoyote. Mara moja, kadi yoyote. Hata leo nikiyakumbuka maneno hayo nasikia kifua kinanipanda.

Mama naye alikuwa na mashamba mawili. La juu ni mchanga mtupu, mpunga wake unatoka umedumaa na hauna harufu. La bondeni, karibu na mto, lina udongo mweusi, na huko ndiko unakotoka mchele ambao watu wakiupika majirani wanauliza umenunuliwa wapi. Lakini bondeni maji yakija yamekuja. Msimu uliotangulia nilikuwa nimemwonyesha ramani ya programu yetu kwenye simu, ikisema maji yataishia kwenye migomba ya jirani, na kweli yaliishia pale pale. Tangu siku hiyo mama aliacha kuangalia mawingu, akawa ananiangalia mimi.

Miche haingoji. Ikikaa sana kitaluni inaanza kutoa vifundo, na ukiipandikiza inasimama tu bila kuzaa. Kila asubuhi, tukishasalimiana, mama aliuliza mashine imesemaje, nami nilijibu kwamba bado. Alikuwa akitikisa kichwa na kwenda kuitazama miche yake. Sikuwahi kuchukia neno dogo kama nilivyolichukia hilo "bado".

Kompaila ilinitesa. Nikibadilisha mstari mmoja, ilianza kutafsiri upya faili zote, ikala asubuhi nzima. Kosa moja ililieleza kwa ukurasa mzima wa maneno, na chanzo chake kilikuwa mahali ambapo hayo maneno yote hayakupataja. Juu ya makosa yakaja maonyo, kwa maelfu: hiki umekitaja hukukitumia, kile kimeandikwa kwa mtindo wa zamani. Yote hayo yalisafiri kutoka kule ng'ambo yakipita kwenye simu yangu, niliyoiegemeza dirishani upande ilikoanikwa kakao kwa sababu ndiko mtandao ulikokamata. Kufika saa sita bando limekwisha, na mimi natembea juani kwenda kibandani njia panda kununua jingine, nikinuka kakao iliyovundikwa na nikiwatukana kimoyomoyo watu nisiowajua.

Siku ya tatu niliweka swichi ya kuzima maonyo. Ni neno moja tu, unaliandika kwenye faili la maelekezo. Wenzangu wa mjini, wenye intaneti ya waya, wasingehangaika nalo. Mimi wa bando la simu niliona ni akili. Kompaila ikanyamaza, yakabaki makosa peke yake, na bando likaanza kufika jioni. Nilijiona mjanja sana.

Wiki ya tatu programu ikaendeshwa hadi mwisho. Niliendesha kwanza jaribio dogo, kijito cha visanduku ishirini, na majibu yalilingana na ya mashine ya zamani. Nikakagua kama maji yaliyoingia yanalingana na yaliyotoka, yakalingana. Kisha nikaendesha bonde zima, na ramani ikatoka: mto uko ndani ya kingo zake, shamba la mama jeupe, kavu.

Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia kwamba bondeni ni kukavu, apande.

"Una hakika?" akauliza.

"Nina hakika, mama."

"Ndaga fijo, mwanangu," akasema, na hiyo shukrani ya Kinyakyusa aliitoa akiwa ameweka ungo chini na kunishika mikono yote miwili.

Kesho yake wakaja wanawake wa kusaidiana. Mama mdogo, aliyeolewa upande wa Malawi, alivuka mpakani Njisi asubuhi akafika na majirani zake wawili. Kitalu kilimalizwa chote. Mimi mwenyewe nilibeba miche na kuinama pamoja nao mpaka mgongo ukakataa, wakanicheka kwamba mtu wa kompyuta hana kiuno. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu baba aondoke.

Kwa jeuri ya ushindi nikawaandikia watengenezaji wa kompaila barua kali. Niliwaeleza kwamba chombo chao ni kizito, kinapoteza asubuhi za watu, na kwamba wao hawajui shida. Wakanijibu kwa upole usiku ule ule. Waliomba tu niwatumie maandishi yote ambayo kompaila ilitoa wakati wa kutafsiri, bila kupunguza kitu.

Ili niyapate yote ilibidi niiondoe ile swichi. Niliiondoa, nikanunua bando kubwa, nikaacha kompaila ifanye kazi yake. Nikawa napitia maonyo kwa kidole, nikitafuta ushahidi dhidi yao. Nikafika kwenye mstari mmoja uliotaja faili langu na namba ya mstari nilioandika mwenyewe miaka minne nyuma. Ulisema kwamba hapa upana wa kundi umeandikwa thelathini na mbili, ilhali kwenye kadi hizi ni sitini na nne.

Ndani ya kadi, vihesabuji vidogo hufanya kazi kwa makundi; kundi linajumlisha maji ya visanduku vyake na kimoja kinapeleka jumla. Kwenye kadi za zamani kundi lilikuwa la thelathini na mbili, nami kwa uvivu niliiandika namba hiyo badala ya kuiuliza kadi. Kwenye kadi mpya vilikuwa sitini na vinne, programu ikawa inajumlisha vya nusu ya kwanza na kuviacha vingine. Nusu ya maji yote ilikuwa ikipotea. Jaribio langu dogo lilikuwa na visanduku ishirini, halikufika hata kwenye hiyo nusu. Na ule ukaguzi wa maji yaliyoingia na kutoka ulitumia jumla hiyo hiyo mbovu pande zote mbili, ndiyo maana ulilingana.

Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa chai kuchemka. Ramani mpya ikatoka mchana. Buluu ilikuwa imelifunika shamba la mama na migomba ya jirani, ikasonga mpaka karibu na barabara. Ilisema maji yatafika baada ya siku tatu.

Mama alikuwa anageuza kakao kwenye mikeka. Nilimweleza yote, na sikujaribu kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza.

"Kwa hiyo hiyo mashine ilikuambia tangu mwanzo," akasema.

"Iliniambia."

"Ukaiziba mdomo."

Nikasema ni kwa sababu ya bando. Nilipojisikia nikilitaja bando, niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Baadaye mama aliuliza kama ramani inaweza kuwa imekosea tena, nikamwambia inaweza, na usiku nililala nikimwomba Mungu kazi yangu iwe mbovu. Miche ilikuwa imeanza kushika, huwezi kuing'oa, na kitaluni hapakubaki hata mmoja.

Maji yalikuja siku ya tatu, alfajiri. Mkubwa wa kundi letu alipoyaona kwenye picha za angani aliniandikia kwa furaha. Ramani ilikuwa imepatia mpaka ukingoni, alisema, programu imehama salama, hongera sana. Akaomba, kwa kuwa nipo pale pale, nimpigie picha moja ya chini aiweke kwenye taarifa.

Nilikwenda. Mama alikuwa amesimama ukingoni, kanga ameifunga juu ya magoti, anatazama mahali shamba lilipokuwa. Ncha chache za miche zilionekana, zingine hapana. Aliniona nimeshika simu, akauliza picha ni ya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba wanataka kuonyesha kuwa mashine ilisema sawasawa.

"Nisogee," akauliza, "ili maji yaonekane vizuri?"

Akasogea kabla sijamjibu.