Rayya na Ajuza Wapandisha Maji Mchangani

Alfajiri ndiyo kwanza inapambazuka, na Rayya binti Huweidi amepiga magoti pale lami ya Bidiya, Omani, inapokwisha na mchanga unapoanza. Ana kijiti mkononi. Anakibonyeza kwenye mdomo wa tairi, upepo unatoka fyuuu, naye anaitazama tairi ikilala taratibu. Akimaliza nne za pikapu anahamia mbili za tela lililobeba tangi la maji.

"Mchanga haupandwi na tairi ngumu," anasema, akirekebisha barakoa usoni. "Hilo hata mtoto wa huku analijua. Lililonishinda mimi ni la kurudi."

La kurudi ndilo hili. Kwa miaka na miaka Rayya alikuwa akitoa upepo asubuhi, na asiujaze tena akirudi kwenye lami. Kilomita thelathini za lami kwenda mjini kuchota, thelathini kurudi, tairi zimelegea kama kiriba kitupu, halafu anashangaa dizeli inakwenda wapi. Wala si yeye peke yake. Pita ukingoni mwa mchanga huu uone wanaume wazima na ndevu zao wakifanya vivyo hivyo, kisha wanailaumu injini.

Rayya ana miaka hamsini na mbili. Marehemu mumewe alimwachia pikapu ya dizeli ya mwaka 1988, na akamwachia mama mkwe, Bibi Shinuna, anayeishi na mbuzi wake kwenye kambi ya mwisho kabisa ndani ya mchanga. Wote wawili amewatunza. Pikapu ameipa jina la Ajuza, na jina hilo limewahi kumponza.

"Siku moja niko kwenye simu na fundi," anasimulia huku akicheka. "Namwambia, Ajuza anakohoa, anatoa moshi, mlima hapandi tena, sijui nimuuze! Kumbe mama mkwe yuko nyuma yangu. Weee! Kilinifikia kiatu kabla sijageuka."

Malori ya maji hayaingii mchangani, kwa hiyo kambi zinamtegemea yeye. Tangi la lita mia nane huliuza riali nane, na mwaka jana dizeli peke yake ilikuwa ikimla riali tano kati ya hizo. Kwa Bibi Shinuna hachukui hata baisa.

Shida ni kwamba kabla ya kambi ya Bibi kuna kilima kirefu cha mchanga wanachokiita Shingo. Ajuza akaanza kukishindwa. Rayya akapunguza maji, akawa anapeleka nusu tangi, safari mbili badala ya moja. Mwanawe mkubwa, Musallam, anayefanya kazi mjini Sur, akamtafutia mtu wa kulegeza skrubu ya pampu ya dizeli ili dizeli iingie kwa wingi. Moshi mweusi ukajaa bonde zima, nguvu isionekane.

Hapo Musallam akasema imetosha. Nyumbani kwake kuna chumba, jokofu liko mlangoni, ameshakipaka rangi, na maji yasipofika juu basi Bibi ashuke.

"Ningetaka kulala karibu na jokofu ningeolewa na muuza samaki," alijibu Bibi Shinuna. Lakini mbuzi hawanywi ubishi, na mwenyewe analijua hilo. Wakakubaliana: tangi zima lipande Shingo kabla joto la kiangazi halijaanza, la sivyo atahama.

Rayya akaipeleka pikapu kwa Dadkarimu, fundi wa Kibalushi mwenye gereji pale Bidiya, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi.

"Mama Musallam, huo moshi si nguvu," akamwambia. "Ni dizeli yako mwenyewe imekosa hewa. Unaifukiza kama ubani!"

Akairudisha pampu ilivyokuwa, akasafisha nozeli zinazonyunyiza dizeli, akalikung'uta chujio la hewa ukamwagika mchanga wa kupandia mtende. Tela nalo likakutwa na breki inayong'ang'ania gurudumu moja muda wote. Akailegeza. Kisha akashika mkono wa tela unaoungwa na pikapu, akaunyanyua kwa mkono mmoja tu, tangi likiwa limejaa.

"Unaona? Tangi umeliweka nyuma mno. Ukipanda, linakunyanyulia matako ya gari. Sasa tairi zitashika nini?"

"Adabu, fundi!"

"Haya, kiuno. Linakunyanyulia kiuno."

Wakalisogeza tangi mbele shubiri mbili, uzito ukalalia pikapu. Na nusu tangi akaipiga marufuku, kwa kuwa maji yakipata nafasi hukimbilia nyuma yote kwa pamoja katikati ya mlima. Mwisho akamuuzia pampu ndogo ya upepo, ya kuunga kwenye betri. Siku hizi, kila akirudi kwenye lami, Rayya anajaza tairi huku anakunywa kahawa na tende, na wapitanjia husimama kumsalimia.

Leo ndiyo siku ya Shingo. Musallam amekuja na gari lake jipya, kamba ya kuvutia iko tayari kitini. Ni kijana mpole, anampenda bibi yake, na ndiyo maana hali wala halali vizuri.

Rayya anaingiza gia nzito. Ajuza anapanda, sauti inashuka, inashuka tena. Katikati ya kilima magurudumu ya nyuma yanaanza kuchimba.

"Twende, mwanangu, twende, usiniaibishe," anamnong'oneza Ajuza. Hakanyagi mafuta; anayapunguza kidogo. Magurudumu yanashika. Pikapu inatambaa polepole, na tela nyuma yake, mpaka juu.

Huko juu hema limefungwa. Bibi Shinuna ameketi juu ya furushi lake, uso ameuelekeza bondeni, fimbo mapajani. Masikio yake mazito hayakusikia injini.

"Tangu asubuhi nautafuta moshi wenu," anasema. "Sikuuona. Nikajua hampandi. Nikafunga vitu mwenyewe, nisije nikafungiwa na mtu."

"Mama! Moshi tumeufukuza!" Rayya anasema, na hapo hapo machozi yanamtoka, hata hajaribu kuyaficha. "Maji haya hapa, tangi zima!"

Musallam, aliyefuata nyuma, anashuka garini. Analibeba furushi begani, analirudisha hemani, na anakaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Mwandishi wa makala haya akauliza lile swali la kazi yetu, kuhusu matumaini ya mbele. Rayya alikuwa anafungua bomba la tangi, mbuzi wamemzonga.

"Gari jipya silitaka," alisema. "Nataka mama huyu aondoke hapa siku Mungu atakayomwita, si siku dizeli itakayonishinda. Na maji ya kumwosha siku hiyo niyalete mimi mwenyewe."

Bibi Shinuna aliusogeza ukingo wa shela sikioni, apate kusikia vizuri, kisha akamnyooshea birika.

"Hayo yatasubiri," akasema. "Lete kwanza ya kahawa."