Anasikia Injini Ikigonga, Lakini Amekatazwa Kuigusa

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu amelala chali chini ya gari dogo jeupe, akifungua boliti ya kumwagia oili. Oili nyeusi inachuruzika ndani ya karai. Hatua nne kutoka alipo, fundi mwingine anawasha injini ya gari jingine na kukanyaga mafuta mara mbili.

Mkono wa mwanamke huyo unasimama.

"Umesikia?" anauliza, bila kutoka chini ya gari. "Hiyo ni valvu, zimelegea. Wao watafungua chini, watahangaika mpaka saa nane, ndipo watapanda juu."

Hatoki kwenda kuwaambia. Huu ni mwezi wa nne tangu aondolewe kwenye kazi ya injini katika gereji hii. Anabadilisha oili, anaosha filta na kujaza matairi upepo. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na saba, ilikuwa nadra injini kufunguliwa hapa kabla yeye hajaisikiliza.

Mafundi wote humwita Shangazi. Mwenye haki halisi ya kumwita hivyo ni mmoja tu, naye ndiye mwenye gereji: mtoto wa kaka yake.

Kaka huyo ndiye aliyeanzisha gereji hii ya mashimo matatu ya zege na paa la mabati. Dada yake alikuwa akiuza chai mlangoni. Siku moja alimwambia kaka kwamba gari lililokuwa likiingia lina ugonjwa, hata boneti haijafunguliwa. Ilipofunguliwa, ikawa kweli.

"Alininyang'anya birika," anakumbuka Shangazi. "Akanipa kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Akasema ncha moja weka sikioni, nyingine itembeze juu ya injini, kisha uniambie inaumwa wapi. Birika sikulishika tena."

Kaka alifariki miaka sita iliyopita. Gereji ikaenda kwa mwanawe, ambaye mafundi humwita Meneja.

"Huyo nimembeba mgongoni mpaka kanga ikachanika," anasema Shangazi. "Leo ananipangia saa ya kula."

Meneja si mvivu. Ni yeye aliyeleta kompyuta ya mkononi katika gereji ambayo haikuwa na kitu chenye kioo zaidi ya taa za magari. Kwa kompyuta hiyo akaanzisha kazi iliyomletea wateja wengi: kuongeza magari nguvu.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya gari la kisasa kuna kompyuta ndogo inayoamua petroli iingie kiasi gani na plagi itoe cheche wakati gani. Meneja hufuta maagizo ya kiwandani na kuweka mengine, aliyoyapata kwa watu wa mbali, yanayoifanya injini itoe nguvu zaidi ya ile iliyokusudiwa. Gari likitoka hapo, linaruka.

Mmoja wa wateja hao alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, mwenye gari la rangi ya fedha lenye tabo, feni ya kuisukumia injini hewa. Aliondoka akipiga honi kwa furaha. Wiki mbili baadaye alirudi akiwa amenyong'onyea. Alisema kila akipanda mlima, injini inatoa sauti kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo.

Meneja alichomeka kompyuta yake. Kioo hakikuonyesha kosa lolote.

"Gari ni zima," alimwambia mteja. "Kama kuna kitu, basi ni plagi. Na plagi alifunga Shangazi siku ileile, baada yangu."

Gereji hiyo ina kanuni yake, ambayo mafundi huiita "mkono wa mwisho": ubovu wa injini ni wa fundi aliyeigusa mwisho, hadi athibitishe vinginevyo. Aliiweka marehemu kaka ili watu wasifanye kazi kwa kulipua. Shangazi mwenyewe aliitetea miaka yote. Sasa ilikuwa imemgeukia.

Alianza kwa kufungua zile plagi. Kwenye kauri nyeupe ya ncha zake aliona vinukta vinavyong'aa, vidogo kama chembe za chumvi. Akampelekea Meneja kiganjani.

"Hii unaijua?"

"Uchafu."

"Uchafu hauna mng'aro, mwanangu. Hii ni alumini. Ni ngozi ya pistoni, inababuka."

Kisha akaomba gari liende barabarani. Likiwa limesimama na injini inazunguka, alipitisha mpira wake kila mahali: kimya. Kwenye tambarare, kimya. Walipofika mlimani, fundi wa vioo akakanyaga mafuta akiwa gia ya nne, misumari ikaanza kulia. Alipoinua mguu, ikanyamaza.

"Injini iliyokufa chini, kwenye beringi, hugonga hata ikiwa imesimama," anaeleza Shangazi. "Hii iligonga ilipobebeshwa mzigo tu. Maana yake moto unawahi. Petroli inalipuka pistoni bado iko njiani kupanda, kwa hiyo pistoni inapigwa kichwani."

Maagizo mapya yaliandikwa kwa ajili ya petroli bora kuliko inayouzwa kwenye vituo vya jirani. Na kulikuwa na baya zaidi. Kwenye injini hufungwa kifaa kidogo kinachosikiliza mlio huo wa kugonga na kuiamuru kompyuta iucheleweshe moto. Maagizo ya Meneja yalikuwa yamekizima.

"Amemziba mlinzi masikio," anasema Shangazi, "halafu anatuambia hakuna mwizi kwa kuwa mlinzi hakupiga kelele."

Alimtaka Meneja arudishe maagizo ya kiwandani ili gari lipandishwe tena mlima uleule.

"Likigonga, kosa langu. Lisipogonga, tutazungumza."

Meneja alifunika kompyuta yake. "Hayapo."

"Hayapo vipi?"

"Sikuyahifadhi, Shangazi. Nilijua hakuna mtu atakayeyataka tena."

Fundi wa rangi, aliyekuwa akipiga msasa mlango pembeni, hakuweza kujizuia. "Yaani umebomoa nyumba ya mtu na ramani yake umechoma?"

Watu walicheka. Meneja hakucheka.

Shangazi alitumia siku mbili kwenye viwanja vya magari mabovu, akitafuta gari la aina ileile lililopata ajali. Alilipata, limekunjika mbele lakini kompyuta yake ni nzima na haijawahi kuchezewa. Kwa gari la umri ule, kubadilisha ni skrubu nne na waya mmoja mpana.

Walipanda mlima watu watatu: fundi wa vioo kwenye usukani, Shangazi kando yake, Meneja nyuma. Gari lilipanda polepole, bila sauti. Juu wakasimama, Shangazi akarudisha ile kompyuta ya gari yenye maagizo ya Meneja. Wakashuka, wakapanda tena, petroli ileile, plagi zilezile. Misumari ikalia ndani ya kopo kuanzia nusu ya mlima hadi kileleni.

Langoni, Meneja alisema maneno mawili tu: "Umeshinda, Shangazi."

Gari likaondoka na kompyuta isiyochezewa. Habari hii ingeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema.

Siku ya nne fundi wa vioo alirudi. Injini ilikuwa kimya, lakini alikuwa na lalamiko jipya.

"Shangazi, linatambaa. Hata magari ya mizigo yananipita. Nirudishie ile yenye mbio."

"Ile itakuua injini. Ulisikia kwa masikio yako."

"Nitakuwa naendesha taratibu."

"Mbio unazitaka, halafu uendeshe taratibu?"

"Kwani gari ni langu au lako?"

"Ni lako. Ila unanishangaza, fundi. Kioo unakibeba kwa mikono miwili, injini unaikanyaga kwa mguu mmoja."

Meneja aliahidi kuyapunguza makali yale maagizo kidogo, na akafanya hivyo kwa dakika ishirini. Kisha akamwambia shangazi yake aifunge tena garini ile kompyuta ya kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayezijua zile skrubu. Akaifunga.

"Kosa langu liko hapo," anasema, na sauti yake inashuka. "Nilishika bisibisi. Nilifikiri watu watatu tumesikia kitu kimoja, nani atasahau?"

Siku kumi na tisa baadaye gari la rangi ya fedha lililetwa likivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa imenoki. Pistoni ya tatu ilipasuka vipande, na kipande kimoja kilitoboa ukuta wa injini. Fundi wa vioo, mbele ya mafundi wote, alitaka kujua ni nani aliyeiua.

Meneja aliuliza swali moja: "Mkono wa mwisho ni wa nani?"

Kila mtu alijua. Shangazi aliwakumbusha kuhusu ule mlima. Fundi wa vioo alitazama viatu vyake. Meneja alisema barabara ni jambo moja na gereji ni jambo jingine. Fundi wa rangi, aliyekuwa na maneno mengi siku ile ya kicheko, aliinamia mlango wake na kuendelea kupiga msasa.

"Masikio manne yalikuwa nami ndani ya lile gari," anasema Shangazi. "Halikukumbuka hata moja."

Jina lake liliondolewa kwenye orodha ya mafundi wa injini siku hiyohiyo, na malipo yake yakashuka hadi nusu. Fundi wa vioo alifungiwa injini nyingine. Siku ya pili aliomba nayo iongezwe nguvu, ikaongezwa.

Meneja alikubali kuzungumza nasi akiwa amesimama. "Shangazi ni mzazi wangu, namheshimu sana," alisema. "Lakini kanuni aliiweka baba. Nikiivunja kwa ajili ya ndugu, kesho nitamwambia nini fundi mwingine?" Tulipomuuliza kama alisikia injini ikigonga mlimani, aliomba tuende kwenye swali linalofuata. Hatukuwa na jingine.

Jumapili alasiri, nyumbani kwake, Shangazi anasogeza sahani pembeni ya meza na kuweka kompyuta kuukuu iliyotupwa na shule ambako binti yake ni karani. Shangazi mwenyewe aliishia darasa la saba. Binti alimpakulia mtandaoni nakala ya maagizo yaleyale ya watu wa mbali; humsomea maneno ya kigeni, naye huandika maana yake kwenye daftari la mistari, herufi kubwa kubwa, akirudia mara tatu kila neno. Ilimchukua wiki tano kulitambua jedwali lenye tarakimu zinazoiamuru plagi lini itoe cheche.

"Hapa," anasema, akiweka kidole chenye weusi wa oili juu ya kioo. "Hapa ndipo walipowahisha moto."

Amezungumza na mwenye kituo cha kuoshea magari, ambaye atamwachia kona ya kutosha gari moja kuanzia mwakani. Kilichobaki ni kupata waya wa kuunganisha kompyuta na gari. Kila gari litakaloingia, anasema, kazi ya kwanza itakuwa kuhifadhi maagizo yaliyomo, kabla hata ya kufungua boneti.

"Kwa hiyo mama na wewe utaanza kuwauzia watu mbio?" binti yake anamtania.

Shangazi hacheki. Anasogeza kidole hadi mstari unaofuata.

"Mbio wakanunue kwingine. Mimi nataka siku mtu akisimama mbele ya watu na kusema kompyuta haikuona kosa, nifungue hapa, nimsomee mstari alioufuta."