Visu vya Kaka Vilivyorudi Matangani

Ijumaa ya kwanza ya Februari nilimpoteza kaka yangu, fundi wa kukereza chuma hapa Koboko, Uganda. Kifua kilimbana asubuhi, na kufikia alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Makaburini mjomba wetu alitangaza, kama ilivyo desturi yetu: "Kama mutu iko na deni yake, ama iko na kitu yake, aseme sasa."

Hakuna aliyedai. Lakini siku zilizofuata watu walianza kuleta visu, vile vyuma vya kukatia vinavyofungwa kwenye mashine ya kukereza. Kaka alikuwa akivitengeneza mwenyewe, vingine akiuza, vingine akimwazima yeyote. Mwenye kinu wa Dranya alileta, fundi mmoja wa Kuluva akaleta, na mama wa Sudani Kusini anayechomelea mageti akaleta viwili vimefungwa kwenye kitenge. Niliviweka ndani ya beseni, nikawa navitazama tu.

Kila kimoja kilikuwa na kabari ndogo ya kushikilia ncha, ili ncha ikiisha uibadilishe bila kufungua kisu chote. Ubavuni kilikuwa na kishimo. Zamani mashine ilikula ncha ya dole gumba la kaka, ndipo akachimba mahali pa kuegemeza kile kibutu cha kidole.

Arobaini haijafika, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Arua alikuja karakanani, nilikokuwa nikimsaidia kaka kazi.

"Pole na msiba," alisema. "Lakini hii kisu sasa iko yangu. Niliandikisha mwaka jana kama ubunifu yangu. Ukitengeneza tena, tutaonana kotini."

Visu hivyo ndivyo vilivyotulisha, mimi na mjane wa kaka na watoto. Nikaiandikia ofisi ya uandikishaji kupinga.

Siku ya kusikilizwa nilibeba beseni mapajani hadi Arua. Wote walioleta visu walikuja. Mbele ya ofisa aliyetoka Kampala, kila mmoja alichukua chake akaeleza aliazima lini na alikerezea nini. Mwenye kinu alikuwa ametengenezea shafti, ule mhimili unaozungusha kinu chake, zamani, kabla yule bwana hajaandikisha chochote.

Ofisa akamuuliza mfanyabiashara kishimo kile ni cha nini.

"Ya mafuta," akajibu.

Mama wa Sudani Kusini alicheka. "Mafuta gani, mzee? Vidole yako iko yote. Hii shimo ulichimbia nani?"

Hata ofisa aliinamisha uso kuficha kicheko. Kisha akaniuliza kama ninataka ubunifu ule uandikwe kwa jina la kaka. Moyo ulitaka kusema ndiyo. Nikasema kabari kaka aliiona kwa fundi mmoja upande wa Kongo, akaipenda. Cha kwake mwenyewe ni kishimo.

Mchana ule alisoma uamuzi. Uandikishaji wa mfanyabiashara umefutwa, kwa kuwa kisu kilikuwa mikononi mwa watu kabla yake. Hakuna anayekimiliki, anayetaka atengeneze.

Tulipiga vigelegele pale barabarani mpaka watu wa boda wakasimama kutuangalia. Mimi, ambaye sikuwa nimelia tangu mazishi, nililia na kucheka pamoja.

Nilirudi Koboko, nikawasha mashine ya kaka kwa mara ya kwanza tangu afariki. Mwenye kinu alikuwa amenifuata hadi mlangoni.

"Ndugu, nipatie ile kisu tena. Shafti imelika."

Nikakitoa kwenye beseni nikampa. Akakitia mfukoni, akaenda zake Dranya bila kusema atakirudisha lini.