Nati ya Breki kwa Landrova ya Baba Mkwe

Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini hii ya landrova ya baba mkwe naisimulia kwa shida, maana hadi leo nikiikumbuka mguu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo.

Mimi nauza spea hapa Nakuru mjini, na watu wananijua kwa kutambua feki (madereva wa malori kule Salgaa hunitumia hata picha za spea). Basi nilipoenda Olenguruone kujitambulisha kwa kina Chebet, mchumba wangu, baba yake akanionyesha landrova ya zamani aliyorithi, akasema mbele ya wajomba, "Hii, kijana, kila kitu ni ile ilitoka nayo kiwandani," na mimi badala ya kusema ndiyo baba, nikatoa sumaku mfukoni. Bodi ya landrova ya zamani ni aluminiamu, sumaku haishiki. Kwa mlango wa dereva ikashika. Wajomba wakacheka, mzee hakucheka. Hapo ningenyamaza, lakini kichwa kilishavimba, nikafungua boneti, nikaona masta ya breki, ile pampu ya kusukuma mafuta ya breki, ni mpya kuliko gari yenyewe, na alama yake ya kiwanda imefichwa na paipu ya mafuta, nikatoa spana nikalegeza nati ya hiyo paipu kidogo tu nisome.

"Hata hii ni feki, baba," nikasema, na papo hapo tukaitwa chai. Maombi ya kubariki chai yakawa marefu, na nati nikaisahau.

Baadaye mzee akasema tupeleke viazi sokoni, na kwa kuwa nyuma kulijaa magunia tukabanana mbele: yeye kwa usukani, mama yake Chebet katikati, mimi mlangoni nimejikunyata nisimguse (kwao mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo, Chebet alinionya njia nzima). Tukaanza kuteremka. Ndipo nikaikumbuka nati.

Jamani, niliogopa. Nikisema, nimeharibu gari ya mkwe siku ya kwanza na Chebet nimemkosa; nikinyamaza, tunakufa pamoja na mama yake. Nikanyamaza, nikijiambia labda sikuilegeza sana. Kwa kona ya kwanza mzee akakanyaga, gari ikapunguza mwendo shingo upande. Akakanyaga tena, mguu ukazama hadi chini.

"Mama, nilifungua breki," nikasema (sijui kwa nini nilimwambia yeye), na nikamkumbatia kwa mikono yote miwili, nikilia kabisa, huku mzee akishusha gia na kuigeuza landrova ikapasua ua wa jirani, ikakwama katikati ya shamba lake la viazi. Waliokuwa wakipalilia wakasimama na majembe kututazama. Gari ilikuwa imetulia na mimi bado nimeng'ang'ana.

"Achilia mama," mzee akasema polepole.

Akashuka, akafungua boneti, akaitazama ile nati. "Unafikiri sikujua hii masta ni feki? Niliifunga mwenyewe, Chebet akiwa bado ananyonya. Haijawahi kuniangusha mpaka wewe ukakuja."

Chebet nilipewa, baada ya kuomba msamaha mpaka sauti ikaisha. Siku hizi nikienda kwao spana na sumaku zinabaki nyumbani mtaani Section 58, na mzee akisema gari ni original nasema ndiyo baba. Lakini mama mkwe, tukienda sokoni, anapanda nyuma na kukalia magunia.