Mfadhili Asiyetaka Kutajwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenyekiti wa bendi yetu pale Korogwe hakunionyesha magitaa. Alinionyesha ukumbi. "Mweka hazina, mwimbaji tuachie sisi," aliniambia. "Wewe mwangalie anayetunza."

Kutunza, kwa ninyi mliozoea kutuma pesa kwa simu, ni mpenzi wa muziki kuinuka, kucheza mpaka mbele na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Ukumbi mzima unamwona. Akiongeza kidogo, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Biashara hiyo haikunipa wasiwasi. Mtu anataka sifa, unampa, mnamalizana.

Nilipohamishiwa Handeni kusimamia kundi letu la pili, tukataka kurekodi. Wapenzi wa Sindeni walichanga mahindi, tukayauza, hayakutosha. Ndipo akatokea mfanyabiashara wa mazao, mpole kupita kiasi, akalipia studio yote. Nikamuuliza tumtaje kwenye wimbo upi.

"Msinitaje kabisa, mama. Mimi napenda muziki tu."

Roho yangu ikakataa palepale. Nikamfuata Kiongozi wa Muziki. "Huyu simwelewi. Hataki hata jina?"

Akacheka. "Mama Zaina, wewe hata malaika ungemdai kitambulisho."

Siku ya kurekodi, yule bwana alikuja studio na ombi dogo: wimbo wa mjane wa Mashewa aliyenyang'anywa shamba uachwe. Kumbe mjane mwenyewe ni mke wa marehemu kaka yake, na shamba kalichukua yeye. Studio ilishalipwa, wimbo ukaachwa. Mwanaidi, aliyeutunga, alijifunga kanga vizuri akatoka, na hakuimba nasi tena. Inaniuma mpaka leo, maana wimbo ule haupo popote.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Kwaluguru. Mjukuu wangu Rehema naye anaimba, na wapenzi wake wanamchangia kupitia kundi la simu ili arekodi. Wimbo wake mkubwa ni wa kisima cha kijiji ambacho mtu mmoja amekizungushia seng'enge. Mimi michango hiyo naitazama kwa jicho la pembeni. Ukumbini nilikuwa nawaona watu nyuso zao.

Juzi aliingia mbio. "Shikamoo bibi. Kuna mtu kamalizia pesa yote ya studio, na wala hataki kutajwa."

"Marahaba. Muulize ni wimbo gani hataki kuusikia."

"Bibi nawe, kwa kushuku watu."

"Muulize."

Akaandika huku amenuna. Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa. Alilisoma, akakaa kwenye mkeka.

"Anasema ule wa kisima tuuweke kando kwanza."

Nikafungua mdomo nimwambie airudishe pesa. Alikuwa ameshaanza kuirudisha.